Soda ya Ushuhuda

Ndugu zangu mnaotoa sadaka ya umisheni kila mwezi kisha mkalala usingizi mzuri, habari hii inawahusu. Isomeni mpaka mwisho, hata ikiwauma.

Gideoni alikuwa mwinjilisti. Kanisa lake la nyumbani, kule Tukuyu, liliwawekea mikono yeye na mkewe Irene, likawatuma Mtwara na kuwatunza kwa kila kitu: nyumba ya kupanga mtaa wa Magomeni mjini humo, chakula, hata baiskeli ya kumfikisha kwa waumini wake wachache Naliendele. Asubuhi nyingi ungewakuta kibarazani, Irene akibangua korosho, Gideoni akiandaa somo, wakitaniana kuhusu joto la pwani ambalo mtu wa Tukuyu halizoei hata akae miaka. Walipendana. Nawaambia mapema, maana mbele huko mtaona vigumu kuamini.

Irene alikuwa na kisukari tangu usichana, kile cha kujichoma sindano kila siku. Friji hawakuwa nayo, kwa hiyo dawa ilikaa kwa jirani yao Sharifa, na asubuhi na jioni Irene alivuka ua kwenda kujichoma. Sharifa alimkaribisha kwa chai isiyo na sukari na umbea wa mtaa, na maisha yakaenda.

Shida ilianzia kwenye simu. Kila mwezi Gideoni alituma ujumbe wa sauti, ukapigwa kanisani Tukuyu kwa spika. Ujumbe wake ulikuwa wa kweli na umepoa: watu wawili watatu wamebatizwa, upepo umechana turubai la ibada. Mmisionari mwenzake aliyetumwa mkoa mwingine alituma habari za viwete wanaotembea, na waumini walimsubiri huyo kama watu wanavyosubiri mpira. Mwezi mmoja Gideoni akasema sukari ya mkewe imeshuka. Ilikuwa kweli, ilishushwa na sindano. Kanisa zima likapiga vigelegele, naye akavisikia kwa simu. Utamu wa vigelegele ukamlevya, na mwezi uliofuata akatangaza kwamba Irene ameponywa kabisa.

Irene alipojua alilia kwa hasira. Gideoni akambembeleza, akamwambia wakikanusha watarudishwa nyumbani kwa aibu, na kazi ya Naliendele itakufa. Irene akakubali. Akaendelea kuvuka ua, ila sasa kwa kujificha kama mwizi, kwenda kwenye dawa yake mwenyewe.

Kisha wageni wakaja kuuona muujiza. Alikuja Mzee Isaya, mwenyekiti wa kamati ya umisheni, pamoja na mjane mmoja aliyeitwa Mama Amani. Walibeba ndizi, maparachichi na kreti ya soda kwa ajili ya sherehe. Mzee Isaya alilala sebuleni na Gideoni. Mama Amani akalala na Irene chumbani, na hakubanduka ubavuni mwake. Jikoni yuko naye, sokoni yuko naye, hata msalani alimsubiri mlangoni, kwa mapenzi tu. Gideoni akamkataza mkewe kukanyaga kwa Sharifa mpaka wageni waondoke.

Siku ya sherehe Irene alikuwa tayari anasikia kizunguzungu. Mzee Isaya akafungua soda na kumpa mbele ya waumini wote.

"Kunywa, mama mtumishi. Shetani aone."

Irene akamtazama mumewe. Na Gideoni, jamani, ndiye aliyeanza kupiga makofi. Wengine walimfuata. Irene akanywa mpaka chupa ikaisha.

Mama Amani akatoka nje analia kwa furaha, akapiga simu Tukuyu. Irene alisikia kila neno. Binti wa yule mjane, Amani, naye alikuwa na kisukari cha sindano, na mama alikuja na mashaka yake, akitaka kwanza aone kwa macho. Sasa ameona. Akamwagiza binti aache sindano kuanzia siku hiyo.

Irene akamvuta mumewe nyuma ya nyumba.

"Mume wangu, mtoto wa watu atakufa. Niache niseme."

"Wakishaondoka nitampigia Mzee Isaya mimi mwenyewe. Vumilia kidogo."

"Na mimi je?"

"Vumilia, Irene."

Kesho yake Irene alikuwa anatapika, anakunywa maji kama mtu aliyetoka jangwani, na anahema kwa nguvu. Wageni wakasema ni malaria, au ni adui ameudhika. Maombi yakaanza, Gideoni akiyaongoza. Katikati ya maombi hayo Sharifa akabisha hodi, dawa mkononi, imezungushiwa barafu na kitambaa. Gideoni akatoka na kuziba mlango kwa mwili wake.

"Baba mchungaji, mwenzangu simwoni siku hizi. Nimemletea."

"Amelala. Amekwishapata dawa."

"Kapata kwa nani? Dawa yake si hii hapa?"

Gideoni akafunga mlango taratibu, ili walio ndani wasisikie. Akarudi kuomba.

Walipomfikisha hospitali, Irene hakuwa akijitambua. Daktari alimpima, akamwita Gideoni pembeni na kumuuliza kwa nini mgonjwa wa kisukari ameachwa bila dawa. Jioni ile Irene akafa. Gideoni akawaendea wageni waliokuwa wakisubiri nje, akawaambia malaria ilimpanda kichwani, na alishangaa jinsi maneno yalivyotoka bila kukwama.

Kanisa likasafirisha mwili hadi Tukuyu, likamzika mke wa mtumishi kwa heshima zote. Msibani Mama Amani akaja na binti yake. Msichana alikuwa amekonda, macho yamezama, ameshika jagi. Alikunywa, akajaza, akanywa tena. Gideoni aliijua kiu ile. Alikuwa ametoka kuiona chumbani kwake. Mama Amani akapiga magoti mbele yake.

"Mtumishi, tangu aache sindano mwanangu hayuko sawa. Niambie ukweli, nakuomba kwa jina la Mungu. Irene amekufa kwa sukari?"

Gideoni akawatazama watu waliojaa chini ya turubai, wote wakimlilia mwanamke aliyeponywa.

"Hapana, mama. Ilikuwa malaria. Usimrudishe mtoto nyuma kiimani."

Mama Amani akafuta machozi, akashukuru, akamshika binti yake mkono wakaenda nyumbani. Amani alizikwa kabla matanga ya Irene hayajaanuliwa. Ibada ya mazishi aliombwa Gideoni aiongoze, naye akaiongoza.

FUNZO

Ninyi mnaowatuma watu kwenye umisheni, msiwadai maajabu kama mnavyodai hesabu kwa muuza duka. Mkifurahia viwete wanaotembea tu, na habari ya turubai lililochanika ikawachosha, mnawafundisha watumishi wenu kusema uongo. Mwulizeni mmisionari wenu kama anaumwa, na mkewe vilevile, na mkiambiwa ndiyo msimpende pungufu.

Nawe mtumishi, Mungu hajakuomba umsaidie kwa uongo. Uongo wa madhabahuni hauishii kwako. Unabebwa na mtu mwenye mtoto mgonjwa hadi nyumbani kwake. Anayetumia dawa aendelee kuitumia, na anayeombewa aombewe huku anatibiwa. Gideoni alipewa nafasi tatu za kusema ukweli, kwa mkewe, kwa Sharifa na kwa Mama Amani, na kila mara alichagua jina lake mwenyewe. Jina hilo bado analo.