Chai ya Mboji ya Darasa la Sita

Baada ya sala ya asubuhi, Teretia alikimbilia bustani ya shule. Jana Darasa la Sita walikuwa wamemaliza kutengeneza chai ya mboji: gunia la mboji ndani ya pipa la maji ya mvua, wakikoroga kwa zamu siku mbili. Kabichi zao zilikuwa za manjano, na zimebaki wiki tatu tu hadi mashindano ya mboga kwenye maneaba, ukumbi wa kijiji.

Mwalimu Bwereti aliruhusu wamwagilie kabichi mbili tu. "Chai msiyoijua haimwagwi bustani nzima," alisema.

Asubuhi hii kabichi hizo mbili zilikuwa zimelala chini, kingo za majani zimeungua.

"Loo! Chai yenu imezidi sukari?" alicheka Tiaon wa Darasa la Saba, mabingwa wa mwaka jana.

"Ni Bauro! Ndiye aliyekoroga mwisho!" mtu akapaza sauti. Bauro akainama, machozi yakimlenga.

Teretia aliinusa chai. Ilinuka ufuo. Miezi miwili nyuma alipewa kazi ya kuuanika mwani mvuani mpaka chumvi itoke. Yeye aliutia mbichi kwenye lundo la mboji, akakimbilia mpira wa wavu. *Mungu wangu, nipe mdomo,* aliomba kimoyomoyo.

"Mwalimu, si Bauro. Ni mimi. Mwani sikuusafisha."

"Ahsante kwa kusema," alijibu mwalimu. "Sasa mboji iliyoiva tutaipata wapi?"

Teretia alimjua mtu mmoja tu aliyekuwa nayo. Jioni alimkuta bibi yake, Nei Kaue, katika shimo la babai, magimbi makubwa ya ukoo wao. Kisiwani hapa, majani ambayo ukoo huyaozesha kulishia babai ni siri. Hata mkwe haambiwi.

"Nitoe siri ya ukoo kwa ajili ya kabichi?" Bibi alishangaa.

"Sitaki siri, Bibi. Nataka mboji. Nimewaangusha wenzangu."

"Ulikamatwa, au ulisema mwenyewe?"

"Nilisema mwenyewe."

Bibi akachota mboji nyeusi, laini, inayomeguka. "Nusa."

"Inanukia udongo baada ya mvua!"

"Basi imeiva. Chukua gunia. Lakini ukiniuliza majani gani, nakurushia tope!"

Darasa la Sita walikoroga upya siku mbili, wakajaribu kwenye kabichi mbili nyingine. Kesho yake zilikuwa bado zimesimama wima! Wakamwagilia zote. Wiki ya pili rangi ya kijani ilikolea, na siku ya mashindano Bauro na Teretia walibeba kabichi kubwa hadi maneaba huku darasa zima likiimba. Walishinda!

"Jamani, mlitia nini?" Tiaon aliuliza.

"Muulize Bibi, kama huogopi tope," alijibu Bauro.

Nei Kaue, aliyekuwa ameketi karibu, alicheka, kisha akamshika Teretia bega. "Mjukuu wangu, mboji haifichi kitu. Ulichokiharakisha ndani yake, mmea utakisema mbele za watu. Heri wewe ulikisema ungali na nafasi ya kutengeneza."