Aliyesimama Kwenye Migomba

Mwanzoni lilikuwa doa tu. Jacinta, mpiga picha wa mji wa Masimba, alidhani ni uchafu wa kioo cha kompyuta, akakipangusa kwa upindo wa leso. Halikutoka. Lilikuwa ndani ya picha yenyewe, kwenye migomba, nyuma ya bibi harusi.

Alikuwa na kamera mpya, na picha zake ghafi, zisizochakatwa, zilikataa kufunguka kwenye programu aliyoizoea. Ndiyo maana asubuhi hiyo, mvua ikipiga mabati, alikuwa akijaribu programu tatu ili achague moja. Alizijaribu kwa picha za rafiki yake Abigael, aliyeolewa Sironga Jumapili iliyopita. Programu ya bure ndiyo iliyoonyesha doa. Ya pili, iliyosifiwa kwa rangi, ililifuta bila kuulizwa. Ya tatu ilikuwa nzito, lakini hodari wa kutoa kilichojificha gizani. Jacinta aliongeza mwanga kwenye vivuli vya picha, polepole.

Doa likaota mabega.

"Nyasani, hebu njoo," alimwita mwenzake wa studio.

Nyasani aliinama. "Si ni mgeni wa harusi tu, dada?"

"Angalia miguu."

Miguu haikugusa chini.

Harufu ya udongo uliotoka kuchimbwa ikajaa chumbani ingawa mlango ulikuwa umefungwa. Jacinta akafungua picha iliyofuata, na iliyofuata, na kila alipofungua yule mwanamke alikuwa amesogea, akitoka kwenye migomba, akipita katikati ya wageni waliokuwa wakicheka bila kumwona, mpaka kwenye picha ya kukata keki akawa amesimama mgongoni mwa Abigael, mkono umetulia juu ya bega lake la kushoto kama mkono wa mtu aliyefika kwake.

"Chukua ile programu ya pili," Nyasani alinong'ona. "Inamfuta. Tuwape picha zao yaishe."

Jacinta alikaribia kukubali. Kisha akampigia Abigael simu.

"Bega lako la kushoto likoje?"

"Nani amekuambia? Tangu Jumapili siwezi kuinua hata kikombe. Na ni la baridi, Jacinta. Baridi ya maiti."

Jacinta alichagua programu ya tatu. Alasiri hiyo hiyo alibeba kompyuta hadi Sironga, akaiweka mezani mbele ya Abigael, mumewe Alfayo, na mama mkwe, Eucabeth. Alfayo alitupa jicho mara moja, akarudi nyuma hatua moja.

"Ni Cynthia," alisema.

Yeye na Cynthia walikuwa wameishi Nakuru miaka mitatu kama mke na mume. Alipofariki, Alfayo alimzika kwenye makaburi ya umma, akarudi nyumbani bila kumtaja kwa mtu.

"Mke huzikwa bomani kwa mumewe," Eucabeth alisema. "Wewe ulimtupa njiani, kisha ukaleta mwingine?"

Abigael alimtazama mumewe kama mtu asiyemjua.

Wakamwita mzee wa kanisa, Nyakundi. Alisimama mlangoni na Biblia, akalitamka jina la Cynthia mara tatu, akamwombea msamaha aliyemkosea, kisha akamwamuru kwa jina la Yesu amwachilie msichana asiye na kosa. Na migomba yote ikatikisika pasipo upepo, majani yakapigana kama watu wanaokimbia, ile harufu ya udongo ikapanda hadi kooni, Abigael akapiga yowe moja, halafu pakawa kimya kabisa.

Abigael akainua mkono. Akauinua tena, akilia.

"Ameniachilia," alisema.

Watu wakapumua. Eucabeth akamimina chai, na Jacinta kwa mara ya kwanza siku hiyo akahisi njaa.

Alfayo alikuwa peke yake kwenye benchi la ukutani. Akasogea kidogo, akaacha nafasi, jinsi mtu anavyompisha aliyechelewa kufika. Kisha akachukua kikombe cha pili.

"Hicho ni cha nani?" mama yake akamuuliza.

Alfayo alikuwa akiipuliza ile chai taratibu, ili isimchome aliyeketi kando yake.