Basi Lisipokuja, Ondoka Saa Moja

Fundi hakuwa mwongo. Alikuwa fundi cherehani tu. Mteja akimuuliza nguo yake itakuwa tayari lini, Fundi alijibu "kesho", na alipojibu hivyo aliamini kabisa. Tatizo ni kwamba kesho ni moja, na walioahidiwa hiyo kesho walikuwa kumi na wanane.

Alishonea nyumbani, katika chumba cha mbele. Cherehani ilikaa karibu na dirisha. Pembeni palikuwa na meza ya kukatia, pasi, na rafu ya nguo zilizosubiri mikono, kola au huruma. Juu ya rafu kulikuwa na kopo kubwa la vifungo. Humo, chini ya vifungo, ndimo Fundi alimoficha simu yake, ikiwa imezimwa mlio. Wateja walipiga tangu asubuhi, naye alisema hawezi kushona huku anagombezwa.

Mke wake alikuwa mwokaji wa mikate. Aliondoka alfajiri, watoto wangali wamelala, na kule kwenye tanuri simu zilifungiwa kabatini. Kwa hiyo kazi ya asubuhi ilikuwa ya Fundi. Aliwaamsha binti zake wawili, akawanywesha chai, akawapeleka kwenye kona ya duka la dawa. Basi la shule lilipita pale saa moja kasorobo.

Binti mkubwa alikuwa darasa la mwisho la shule ya msingi. Alipenda kubisha kwa hoja, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Wakili. Mdogo alikuwa darasa la kwanza. Yeye aliitwa Kifungo, kwa sababu alipokuwa na miaka miwili alimeza kifungo cha koti la mteja. Mteja huyo alisubiri koti lake siku tatu, na safari hiyo Fundi alikuwa na sababu ya kweli.

Jumatatu moja walifika konani, wasimkute mtu. Kwa kawaida palikuwa na watoto wengine watano.

"Mnaona?" Fundi alisema kwa majivuno. "Leo tumewahi kuliko wote."

Wakili alitazama huku na huku. "Baba, ni saa moja kasorobo sasa hivi. Hatukuwahi. Wenzetu wako wapi?"

"Wamelala. Watu wa mtaa huu ni wavivu."

Saa moja ilifika. Saa moja na robo ikapita. Wakili alianza kuuma kucha. Siku hiyo darasa lake lilikuwa na mtihani wa majaribio, na ulianza saa mbili.

"Baba, basi haliji."

"Litakuja. Basi ni kama mteja, halikosi kuja."

Saa moja na nusu lilikuja lori la buluu lililojaa makochi. Fundi alilipungia mkono, likasimama. Dereva alikuwa na tabasamu kubwa.

"Mnaelekea wapi, ndugu yangu?"

"Shule ya msingi, ng'ambo ya hospitali."

"Pandeni nyuma. Nitashusha kochi moja tu, halafu nawafikisha."

Wakapanda, wakakaa kwenye kochi jekundu juu ya lori. Kifungo alifurahi mno. Aliwapungia mkono wapita njia kama rais. Kila lori lilipokata kona, kochi liliteleza, na Fundi aliwakumbatia wanawe huku akisema hakuna shida.

Kochi moja lilikuwa makochi manne. Nyumba ya kwanza ilikuwa ghorofa ya tatu, na Fundi aliombwa asaidie kubeba. Nyumba ya pili mlango ulikuwa mwembamba. Fundi alitoa futi yake mfukoni, akapima mlango, akapima kochi, akasema halipiti. Halikupita. Walihangaika nalo karibu saa nzima. Nyumba ya tatu ilikuwa upande mwingine kabisa wa mji. Wakili alikaa kimya muda wote, na Wakili akikaa kimya ujue mambo yameharibika.

Walifika shuleni saa nne. Mwalimu wa zamu alikuwa langoni.

"Shikamoo, mwalimu," Wakili alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Mtihani umekwisha, mwanangu." Kisha akamgeukia Fundi. "Mzazi, tuliwatumia ujumbe saa kumi na mbili asubuhi kwamba basi ni bovu. Wenzako wote wamewaleta watoto kwa miguu."

"Mimi sikupata ujumbe wowote."

Mwalimu alifungua daftari lake, akasoma namba. Fundi aliijua vizuri. Ilikuwa ndani ya kopo.

"Huu ulikuwa wa majaribio," mwalimu alisema. "Jumatatu ya wiki ijayo ni mtihani wenyewe, wa kumaliza shule. Lango litafungwa saa mbili kamili. Likishafungwa, hata mimi siruhusiwi kulifungua. Atakayechelewa atarudia mwaka."

Majuto ni mjukuu, wahenga walisema. Fundi alirudi nyumbani akiwa na mjukuu huyo mgongoni.

Jioni familia yote ilikaa chumba cha mbele. Fundi alimwaga vifungo mezani, simu ikatoka. Ilikuwa na ujumbe arobaini na mmoja. Wakili aliichukua, akausoma kwa sauti, neno kwa neno.

"'Fundi, harusi imeshapita.' 'Fundi, hiyo suruali nilitaka ya kuvaa nikiwa hai.' 'Fundi, mimi si mteja tena, mimi ni adui.'"

"Ruka hizo," Fundi alisema.

"'Wazazi wapendwa, leo basi la shule halitakuja.'" Wakili aliweka simu mezani. Machozi yalimtoka. "Baba, nikikosa mtihani wenyewe nitarudia mwaka. Rafiki zangu wote wataenda sekondari, mimi nitabaki. Nimesoma mwaka mzima."

Mwokaji alimtazama mumewe. Hakupandisha sauti, jambo ambalo Fundi aliliogopa zaidi. "Baba Wakili, watoto wangu umewapandisha lori la nani?"

"La mtu mmoja hivi. Ana uso mzuri."

Wakati huo mlangoni ilisikika hodi. Alikuwa Mama Barua, jirani yao, mpeleka barua wa mtaa. Kwa miaka ishirini alikuwa amezunguka mitaa ile kwa miguu, mkoba begani, na hakuna kichochoro asichokijua. Alileta barua ya mteja. Hata wateja walikuwa wameanza kuandika barua.

"Karibu, dada, kaa," Mwokaji alisema. "Njoo usikie maajabu ya shemeji yako."

Mama Barua alisikia yote. Alicheka kwanza, maana hadithi ya kochi haikuwezekana kuisikia bila kucheka. Kisha akaacha kucheka.

"Shemeji, huyo dereva anaitwa nani?"

"Sikumuuliza."

"Namba ya gari?"

"Lilikuwa la buluu."

"Kwa hiyo watoto wangepotea, ungeenda polisi kutafuta kitu cha buluu," Mama Barua alisema. "Gari la mtu usiyemjua halipandwi, hata angekuwa na uso wa malaika. Na juu ya mzigo hapakai mtu. Lori likifunga breki ghafla, kochi linaruka, na mtoto anaruka nalo. Nimeona kwa macho yangu, sitaki kuona tena."

Fundi aliinama. Alikumbuka lile kochi lilivyoteleza.

"Sasa ningefanyaje? Basi halikuja."

"Basi ni chuma, shemeji. Chuma huharibika. Usijiulize kama litaharibika. Jiulize siku likiharibika utafanya nini. Tahadhari kabla ya hatari. Simu hii ikae wapi?"

"Mezani," Fundi alisema kwa taabu.

"Na iwe na sauti. Shuleni wapeni namba mbili, ya kwako na ya mtu mwingine anayepatikana asubuhi. Andikeni yangu. Nanyi chukueni ya dereva wa basi na ya shule, mziandike kwenye karatasi, kila mtoto awe nayo kwenye mkoba. Halafu pangeni saa ya kuacha kusubiri."

"Saa ya kuacha kusubiri ni ipi?" Kifungo aliuliza.

"Utaijua Jumamosi, bibi mdogo. Tutatembea mpaka shuleni, tuone ni dakika ngapi."

Fundi alicheka. "Kwa miguu? Ni saa moja na nusu."

"Umewahi kutembea?"

"Hapana, lakini najua."

Jumamosi walitembea. Mama Barua aliongoza kwa mwendo wa miguu ya Kifungo. Hawakufuata barabara kuu. Walipita nyuma ya karakana ya maseremala, wakakata kwenye uwanja wa mpira, wakafuata njia ya waenda kwa miguu kando ya ukuta wa hospitali. Kulikuwa na njia nyingine fupi, kupitia mtaro.

"Hiyo hapana," Mama Barua alisema. "Mvua ikinyesha mtaro hujaa, nao haumwambii mtu. Njia nzuri ni ile unayoweza kupita siku zote."

Mbele ya hospitali walifika barabara yenye magari mengi. Mama Barua aliwapeleka hadi kwenye mistari myeupe ya kuvukia.

"Kifungo, magari yakikuona hapa yatasimama?"

"Ndiyo."

"Mengine ndiyo, mengine dereva anakuna sikio. Kwa hiyo simama ukingoni. Tazama pande zote mbili, sikiliza, tazama tena. Magari yakisimama kabisa, mshike mkono mtu mzima, mvuke. Mnatembea, hamkimbii. Anayekimbia hujikwaa."

Walivuka. Fundi, ambaye alikuwa bado anajifunza kufunga kamba za viatu vya kutembelea, alijikwaa peke yake.

Lango la shule lilionekana. Wakili alitazama saa. "Dakika arobaini na tano."

"Weka dakika tano za kiatu cha baba yako," Mama Barua alisema. "Sasa hesabu kurudi nyuma, mama."

Wakili alihesabu. "Saa mbili lango linafungwa. Tufike dakika kumi kabla. Toa dakika hamsini. Basi lisipokuja, tuondoke konani saa moja kamili."

"Basi hiyo ndiyo saa yenu."

Mwokaji alizungumza na wazazi wa wale watoto watano wa konani. Wakakubaliana kwamba siku basi litakapokosekana, watoto wote watatembea pamoja na watu wazima wawili. Fundi alisema atawashonea vizibao vya rangi ya chungwa ili madereva wawaone kwa mbali. Wazazi waliuliza vitakuwa tayari lini. Fundi alifungua kinywa, akamwona Wakili, akakifunga.

"Ijumaa," alisema.

Ijumaa vilikuwa tayari. Kuna watu mtaani walikuja kuvishika kwa mikono yao ndipo wakaamini.

Jumatatu ya mtihani ikafika. Saa moja kasorobo, watoto saba walikuwa konani pamoja na Fundi na baba wa watoto wawili kati yao. Saa moja kasoro dakika tano, simu ya Fundi ililia. Alikuwa dereva wa basi.

"Fundi, basi limegoma kuwaka. Haliwezi kutoka gereji."

Fundi alimshukuru, akakata simu. Alianza kuwavalisha watoto vizibao. Hapo hapo lori la buluu likasimama mbele yake.

"Ndugu yangu," dereva wa lori alisema na tabasamu lake, "pandeni. Leo sina mzigo wowote."

Lilikuwa tupu kweli. Kwa lori ni dakika kumi, kwa miguu ni hamsini, na lango halingojei mtu. Fundi alilitazama lile lori kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mtu aliyefundwa. Wakili alimtazama yeye, kalamu zake mkononi.

"Asante, ndugu," Fundi alisema. "Leo tunatembea."

Saa moja kamili wakaondoka.

Jambo ambalo Fundi hakulifikiria ni kwamba wateja wake pia walikuwa na macho. Mbele ya karakana, seremala mmoja aliinua kichwa. "Fundi? Kumbe upo. Suruali yangu je?"

"Kaka, leo siwezi kusimama. Binti yangu ana mtihani."

"Usisimame. Natembea nawe."

Uwanjani alijiunga kocha wa mpira, aliyekuwa akisubiri jezi tangu msimu uliopita. Kwenye ukuta wa hospitali alitokea nesi aliyemaliza zamu, mwenye sketi yake rafuni. Kwa hiyo msafara ulikuwa hivi: watoto saba wenye vizibao vya chungwa, baba mmoja mbele, Fundi nyuma yao, na nyuma ya Fundi wateja watatu wakimuuliza maswali. Walipofika kwenye mistari myeupe, magari yalisimama pande zote mbili. Dereva mmoja alizima kabisa injini ili aone vizuri.

Walifika langoni saa mbili kasoro dakika kumi na moja.

Mwalimu wa zamu aliwahesabu watoto, kisha akawatazama wateja. "Na hawa?"

"Hawa ni wangu," Fundi alisema.

Wakili alivua kizibao, akampa baba yake, akaingia na kalamu zake. Saa mbili kamili mwalimu alisukuma lango, komeo likaingia. Fundi alibaki nje, na binti yake alikuwa ndani. Alishika nondo za lango, akashusha pumzi aliyokuwa ameibeba kwa wiki nzima. Hakuwahi kufurahi hivyo kufungiwa mlango. Kisha akageuka, maana wateja walikuwa bado wanamsubiri, na hapakuwa na pa kukimbilia.

Matokeo yalitoka baada ya miezi miwili. Wakili alifaulu, akapata nafasi ya sekondari pamoja na rafiki zake wote. Siku hiyo wazazi wa mtaa wa pili walikuja kuomba watoto wao waingizwe kwenye msafara, maana basi lao nalo lilikuwa chuma. Mwokaji alileta mkate mkubwa, akaukata mezani kati ya vitambaa. Mama Barua alimpa Kifungo kipande cha kwanza, kwa kuwa yeye ndiye aliyetembea hatua nyingi kuliko wote.

Wakili alimsogelea baba yake kwenye cherehani.

"Baba," alisema, "siku ile lori liliposimama, niliogopa kwamba utapanda. Asante kwa kutembea na mimi."

Fundi, mtu aliyekuwa na jibu kwa kila mteja, aliinuka kwenye kiti. Alimvuta mwanawe kifuani, akalia mbele ya watu wote, wala hakumwambia mtu kwamba ni vumbi la kitambaa.