Upande wa Pili wa Santuri

Kendra akirudi kutoka shule alikuwa na mazoea yake. Alikung'uta viatu mlangoni, maana theluji ya Aprili mjini Detroit ni tope tupu, akapasha chakula, kisha akashuka chini ya nyumba kumsalimu mjomba wake Vernon. Huko chini, kando ya mtambo wa kupasha nyumba joto, ndiko Mjomba alikotengenezea muziki. Alipiga tekno, muziki wa kuchezwa uliozaliwa katika mji huohuo. Hakuwa na kampuni wala bosi wa muziki. Alikuwa dereva wa foklifti ya kubebea mizigo kwenye kiwanda cha vipuri vya magari, na muda uliobaki aliumalizia kwenye mitambo yake.

Alasiri hiyo Kendra alimkuta amevaa koti, mkononi ana santuri nyeusi isiyo na jina.

"Afadhali umefika, mpwa wangu. Wameniita kazini mapema. Hii ni santuri ya majaribio, ya kusikilizwa kabla hawajachapa nyingine zote. Upande wa kwanza nimeusikiliza, hauna neno. Upande wa pili nakuachia wewe."

"Mimi? Si usikilize ukirudi?"

"Wanaochapa wanataka jibu leo, kabla hawajafunga. Wasipolipata, nafasi yetu wanampa mwingine, na tamasha la Mei litapita sina hata santuri moja mkononi. Halafu wimbo huu nimeusikia mpaka masikio yangu yanasikia yanachotaka. Yako bado mapya. Keti, usifanye kitu kingine, sikiliza mwanzo mpaka mwisho. Kisha nitumie neno moja: safi, au mbovu. Kiwandani kwetu simu zinafungiwa kabatini, kwa hiyo usichelewe."

"Sawa, Mjomba."

Aliondoka. Kendra akaweka santuri kwenye mashine, akashusha sindano. Mdundo ukaanza: du, du, du, du. Akaketi vizuri, mikono magotini, kama alivyoagizwa. Hakumaliza hata dakika mbili simu ikalia. Ni rafiki yake Bria.

"We Kendra! Umesikia alichosema Tasha juu ya nywele zako?"

Nani angeacha kusikiliza habari kama hiyo? Kendra alisikiliza, akacheka, akakasirika, akapanda jikoni kuchukua sahani yake ya maharage na mkate wa mahindi, akashuka nayo akila. Mdundo uliendelea vilevile. Akakumbuka ujumbe alioungoja Mjomba. Bila kukata simu ya Bria, akaandika: "Safi."

Jibu lilirudi papo hapo. "Ahsante, mpwa wangu. Nimewaambia waanze kuchapa."

Bria akaguna. "Huo muziki wa mjomba wako, jamani! Utadhani mtu ametia matofali kwenye mashine ya kufulia."

"Huujui muziki wewe."

"Sawa, siujui. Lakini wimbo gani hauishi? Hata kwaya ya kanisani kwetu, na wale wazee walivyo, wangekuwa wameshaketi."

Kendra aligeuka kutazama mashine. Wimbo ule ulikuwa wa dakika saba tu. Sindano ilipaswa kuwa imeshafika karibu na kitovu cha santuri. Lakini ilikuwa bado katikati, ikisogea kidogo na kurudi, ikisogea kidogo na kurudi. Katikati ya wimbo palitakiwa kuingia kinanda cha kanisani, alichokipiga marehemu bibi yake, mama yake Mjomba. Kinanda hicho Kendra hakukisikia hata mara moja.

Sindano ilikuwa imenasa. Na tekno ni muziki wa kurudiarudia. Santuri ile ikizunguka mara moja, midundo minne imetimia barabara. Kila sindano iliporuka nyuma, iliangukia pale pale penye mdundo. Wimbo wa mwimbaji ungenasa, mtu angesikia neno moja linarudiwa kama kasuku, akajua. Huu ulinasa bila kukosea hatua.

Aliweka sahani chini, akamwambia Bria kwamba imenasa. Aliipangusa sindano vumbi, akajaribu tena. Ikanasa palepale. Kwenye boksi lililoleta santuri ile palikuwa na nyingine ya majaribio, akaijaribu nayo. Palepale. Basi ubovu ulikuwa kwenye bamba lenyewe la kuchapia, na kila santuri itakayotoka itakuwa hivyo.

"Mpigie mjomba wako umwambie," Bria alisema.

Alipiga. Simu haikupokelewa. Akapiga tena na tena. Ilikuwa imeshafungiwa kabatini.

"Basi mwambie ulidhani ni makusudi," Bria, aliyekuwa bado anangoja kwenye simu, alisema kwa sauti ya chini. "Si ulisema kuna wanaochonga santuri makusudi, irudie mahali pamoja bila kuisha? Sema ulidhani ndiyo hiyo. Nani atajua?"

Uongo ule ulikuwa mzuri. Ulimkaa kama nguo aliyoshonewa. Mjomba angeuamini, na lawama ingewaangukia waliotengeneza bamba. Lakini kila Kendra akifumba macho aliona santuri zinashuka kutoka kwenye mashine, moja juu ya nyingine, zote mbovu, zote na jina la Mjomba.

Alikata simu ya Bria. Juu ya boksi palikuwa na namba ya simu ya wachapaji. Akapiga.

"Uchapaji, Delphine hapa." Ilikuwa sauti ya mwanamke, nzito na ya haraka.

"Samahani, mama. Santuri ya Vernon Whitlow. Tafadhali msiichape."

"Wewe nani?"

"Mpwa wake."

"Binti, mwenyewe ametuma neno kwamba ni safi. Mashine zinapata moto sasa hivi. Sisimamishi kazi kwa simu ya mtoto."

Palikuwa na njia moja tu iliyobaki.

"Neno hilo nilimpa mimi. Aliniambia nisikilize, sikusikiliza. Nilikuwa napiga soga kwenye simu. Nimemdanganya."

Kwenye simu zilisikika mashine zikivuma.

"Miaka yote niliyokaa hapa," Bi Delphine alisema polepole, "watu wananipigia kulaumu mashine zangu. Wewe ndiye wa kwanza kujilaumu mwenyewe. Haya, weka simu karibu na spika."

Kendra aliweka. Du, du, du, du.

"Mbona naona inakwenda vizuri?"

"Subiri, mama. Subiri kidogo tu."

Bi Delphine akasubiri. Kisha akapumua kwa nguvu. "Loo! Imenasa, na haikosi mdundo! Hata mimi ingenipita. We Leonard! Zima hiyo mashine!"

Mjomba aliporudi, Kendra alikuwa amekaa kwenye ngazi, chakula chake hakijaguswa tena. Alimwambia yote, hata ule uongo mzuri alioshauriwa na kuukataa. Mjomba akashuka kuisikiliza mwenyewe ile sehemu iliyonasa. Alipiga simu kwa Bi Delphine asubuhi iliyofuata. Nafasi yao ilikuwa imeshapotea, wakawekwa nyuma ya wengine. Wiki nzima Kendra alihesabu siku moyoni kama tamasha litawahiwa.

Bamba jipya lilipotengenezwa, santuri ya majaribio ikaja. Mjomba alimpa Kendra, akanyoosha mkono, akaichukua simu ya mpwa wake, akapanda juu akamwacha peke yake. Baadaye Kendra alipanda jikoni.

"Nimesikiliza yote. Haijanasa popote. Lakini mwisho kabisa, mdundo ukishanyamaza, kuna mtu anakohoa."

"Anakohoa?" Mjomba alishuka mbio, akasikiliza, akaangua kicheko. "Ni mimi! Mwaka mzima nausikiliza wimbo huu, sijawahi kukisikia kikohozi changu! Iache hivyo hivyo."

Santuri zilifika siku mbili kabla ya tamasha. Walipokuwa wakizitia kwenye mifuko yake, Mjomba alisema, "Sikiliza, mpwa wangu. Kutosikia ni kosa la masikio, linampata yeyote, hata mimi. Kusema umesikia ni kosa la mdomo, na hilo mtu hulichagua. Ulipolifanya uliniumiza. Ulipompigia Bi Delphine ukalisema lilivyo, uliniokoa. Mtu akikuaminia neno moja tu, lisitoke kinywani mwako kabla hujaifanya kazi yake."