Mbuzi Asiyetangazwa

Asubuhi ile wanyama wote wa boma walikuwa wamejibana upande mmoja. Nyati wafugwao kwa maziwa, punda wa wachoma matofali, ng'ombe waliokamatwa wakila mboga za watu sokoni, hata yule fahali mkorofi aliyezoea kupiga pembe kila kilichomkaribia, wote walikuwa wameelekeza pua ukutani. Upande wa pili alisimama mbuzi mmoja mweusi, peke yake, anacheua.

Shamim aliwaona alipopanda darini, kwenye paa tambarare, kuanika nepi. Nyumba ya baba yake iligusana na boma la manispaa ya Jalalkot, mahali inapofungiwa mifugo inayozurura mpaka wenyewe waje. Mzee Wasaya, baba yake, ndiye aliyekuwa mlinzi wa boma. Shamim alirudi kwake kujifungua, kama ada inavyotaka, na safari hii Mungu alimjalia. Baada ya mimba mbili kuharibika alikuwa amezaa mtoto wa kike mzima, Gulnar, na alikuwa bado hathubutu kulala fofofo asije akamkosa.

"Baba, yule mbuzi kaletwa na nani?"

"Kajileta," mzee alijibu huku akikoroga chai. "Kaufuata mkokoteni wetu bila kamba. Ana adabu kuliko shemeji zako."

"Na wenzake mbona wamemkimbia?"

"Wivu, mwanangu. Kanona."

Jalalkot ina desturi yake. Mnyama hanadiwi kabla ya kutangazwa msikitini kwa kipaza sauti mara tatu: rangi yake hii, yuko bomani, mwenyewe aje achukue chake. Akikosa wa kumdai, hapo ndipo hupigwa mnada. Mzee Wasaya alizijua taratibu hizo kuliko mtu yeyote, lakini safari hii alikaa kimya. Alitaka mbuzi wa kuchinja kwenye akika ya mjukuu, na akitangazwa anaweza kupata mwenyewe. Tamaa ni kitu cha ajabu, humwingia hata mtu mwema, tena kwa jambo jema.

Siku ya mnada wachinjaji walimpapasa yule mbuzi mgongoni, wakaondoa mikono haraka na kuifuta kwenye nguo. Hakuna aliyetaja bei. Mzee akamchukua bila mpinzani, akarudi nyumbani anachekelea.

Akika ikafanywa uani. Gulnar alinyolewa, imamu akasoma dua, na kisu kikapita: damu yake kwa damu ya mtoto, nyama yake kwa nyama ya mtoto, mfupa wake kwa mfupa wa mtoto. Pilau liliiva vizuri, lakini lilinuka nywele zilizoungua. Majirani walikula na kusifu, maana mla cha watu hana budi kusifu. Mzee ndiye aliyekula zaidi, akijikaza. Shamim alitafuna pande moja, likamkataa, akalitema kwenye ncha ya mtandio wake.

Kesho yake, baada ya sala ya alasiri, kipaza sauti cha msikiti kilikoroma.

"Mbuzi mweusi. Yuko bomani. Mwenyewe aje achukue chake."

Mzee Wasaya aliangusha bomba la kiko chake. "Nani kamwambia Hafidh habari za mbuzi?"

"Baba," Shamim alinong'ona, "mbona feni haizunguki?"

Umeme ulikuwa umekatika tangu adhuhuri. Mzee alitoka mbio hadi msikitini, akamkuta Hafidh Karam, mwadhini, amelala fofofo mkekani, na kipaza sauti kiko baridi kabatini. Hafidh aliamshwa akawa mkali. "Mzee, jua limekupiga? Nitangaze kwa umeme gani?" Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kusema pale tangazo liliposikika mara ya pili juu ya vichwa vyao, kwa sauti ya huyohuyo Hafidh aliyekuwa amefumba mdomo, na lilipokuja mara ya tatu halikutoka mnarani tena bali upande wa bomani, likiwa la taratibu, kama mtu anayekwita huku akijua huna pa kwenda.

Jua lilipoanza kuzama mtu alibisha geti la boma. Shamim alikuwa darini, mtoto kifuani, akachungulia. Alikuwa bwana mrefu, nguo safi, na nzi wote wa boma walikuwa wamenyamaza.

"Assalamu alaikum, Mzee Wasaya. Nimekuja kuchukua changu."

"Alinadiwa, bwana," mzee alisema. "Chagua mwingine yeyote humu. Chukua wawili."

"Wa watu sitaki. Nataka wangu. Binadamu mmoja alinipa mbuzi huyo ili nimwache mwanawe mgonjwa, nami nikamwacha. Sijavunja ahadi. Wewe uliniita kabla ya kumnadi?"

Mzee alishika komeo la geti kwa mikono miwili.

"Na ulimchinja kwa jina la nani?"

"Kwa jina la Mungu."

"Hilo najua. Ulimbadilisha na nani?"

Juu darini Shamim alimfunika mtoto uso kwa mtandio, lakini yule bwana aliinua macho taratibu, akamtazama, akatabasamu kwa upole, na hapo ndipo Shamim alipohisi titi limeachwa, na alipofunua akakuta Gulnar amefumbua macho yote mawili, hanyonyi, halii, hapepesi, ubaridi ukimpanda kutoka miguuni, na kile kichwa kilichonyolewa jana kikinuka nywele zinazoungua.

Yule bwana akingoja getini, aliitwa Mai Sakina, mganga wa kupunga majini, ajuza aliyeogopwa na mtaa mzima. Alifika kizingitini, akanusa, akakataa kuingia.

"Wasaya, umefanya nini, mwana wa watu?"

"Nilitaka kumlinda mjukuu wangu."

"Umemchinja mbuzi mwenye mwenyewe, halafu ukamsomea mfupa kwa mfupa. Mbuzi wake kenda, mtoto ndiye amebaki mahali pake. Mimi siwezi kumfukuza. Mwizi hufukuzwa. Huyu anadai haki yake."

Shamim alianguka miguuni pake. "Mama, nitoe mimi! Anichukue mimi!"

"Wewe nyama ulitema, nakuona. Hukula chake." Ajuza alimgeukia mzee, na sauti yake ikapungua ukali. "Aliyekula ndiye anayeweza kulipa."

Mzee Wasaya alikaa kitako kwa muda akiutazama mkono wake wa kulia. Kisha alimbusu Gulnar kwenye utosi, akavaa kilemba chake kizuri, cha harusi, akakifunga vizuri kama mtu anayekwenda kwa wakwe.

"Baba, usiende."

"Niende wapi, mwanangu? Kazini kwangu ni hapo ukutani." Alimfunika mtoto miguu. "Huyu mtoto umemlilia miaka. Mnyonyeshe."

Mai Sakina alimshika Shamim mkono. "Nisikilize sana. Jini huyu anapenda kufuata sheria za watu, ndiyo dhihaka yake. Atamtangaza baba yako. Ukimdai, utarudishiwa, lakini jini naye atarudi kwa mtoto. Umenielewa?"

Mzee alipofika getini hapakusikika ugomvi wala kilio. Harufu ile ikaisha. Gulnar alikunja uso, akapiga chafya, akalia kwa njaa, na Shamim akampa titi huku machozi yakimdondokea usoni. Alinyonya kwa nguvu mpaka akamuumiza, na mama yake hakumzuia.

Asubuhi umeme ulikuwa bado haujarudi. Bomani wanyama walikuwa wamejibana upande mmoja, pua ukutani. Kipaza sauti kikakoroma.

"Mzee mmoja. Ndevu nyeupe, kilemba cha harusi. Yuko bomani. Mwenyewe aje achukue chake."

Majirani walitoka milangoni, wakatazamana, wakaitazama nyumba ya Mzee Wasaya. Tangazo likaja mara ya pili. Kati ya mara ya pili na ya tatu Shamim alisikia, nyuma tu ya ukuta alioegemea, mtu akipumua na kumwita kwa jina la utotoni, lile ambalo baba yake peke yake alilitumia, bila kumlaumu, akimuuliza tu kama yuko hapo.

Shamim aliuma mtandio wake, akambana mwanawe kifuani.

Likaja la tatu. Akanyamaza.