Mwangwi Uliotangulia

Ukumbi wa Kharumwa ulikuwa ghala la pamba kabla haujawa ukumbi, na harufu ya pamba haikuutoka. Ndiyo maana Melania alipoona jambo la ajabu mara ya kwanza, alililaumu ghala. Alikuwa jukwaani peke yake, alasiri, jua likipenya kwenye matundu ya bati, binti yake Theopista kalala mgongoni. Ghala lolote lina mwangwi: unaita, ukuta unakuitikia. Lakini siku hiyo alivuta pumzi, akafungua kinywa, na kabla hajatoa sauti, ukuta wa nyuma ukaimba. Ulikuwa wimbo ule ule wa Kilatini aliotaka kuuimba, kwa sauti ile ile yake. Yake ya kweli ikafuata nyuma kama mgeni aliyechelewa.

Akaukatiza wimbo. Mtoto akaamka mgongoni, lakini hakulia.

Nyumbani akamwambia mumewe, Herman, akimmiminia maji ya kunawa. "Baba Theopista, ule ukuta unanitangulia."

"Ukuta unakutangulia kwenda wapi, Mama Theopista? Wewe ndiye umeanza kuzeeka. Masikio yamekwenda mbele, mdomo umebaki nyuma."

Melania akacheka. Mume anakutania huku ananawa mikono, utamshuku kwa lipi?

Ilikuwa ile miaka watu wamehamishiwa vijiji vya ujamaa, na Herman ndiye aliyekabidhiwa ukumbi. Pamba ikishauzwa, aliwapangia watu msimu mzima wa muziki. Jumamosi bendi yake ya jazi, magita na saksafoni iliyozibwa kwa mpira wa baiskeli. Jumapili kwaya ya parokia na kinanda cha mapadri, nyimbo za zamani za Ulaya ambazo akina mama walizililia bila kuyajua maneno. Katikati ya wiki aliweka mambo yake mapya, gita likijibizana na ngoma za Kisukuma. Kote huko mwimbaji alikuwa Melania.

Mwanzoni mabenchi yalikaa matupu. Watu walikuwa uwanjani, kwenye mbina, ngoma za mashindano kati ya vyama hasimu vya Bagika na Bagalu, na nani atawatoa huko? Herman alirudi nyumbani hasemi na mtu. Kisha, ghafla, ukumbi ukafurika. Watu walikuja kwa miguu kutoka hata Bugarama, kandambili mkononi, wakaingia kama waliovutwa kwa kamba, wakakaa bila kupepesa macho. Mzee mmoja alipoulizwa kafuata nini, alisema, "Sijui. Nilikuwa nachunga ng'ombe."

Na kila walivyozidi, sauti ya Melania ilipungua. Ukuta haukumtangulia tena kwa neno moja, ulimtangulia kwa ubeti mzima, halafu wimbo mzima, naye amesimama mbele ya watu kinywa wazi hana kitu, huku harufu ya pamba mbichi iliyolowa ikimpanda puani na kumkaba kooni kana kwamba mtu anamsokomezea marobota, na watu wanashangilia, wanashangilia yeye, hakuna hata mmoja aliyeona kwamba midomo yake haichezi. Alimtafuta Herman kwa macho. Herman alikuwa anapiga gita, amefumba macho, anatabasamu.

Ilipofika mahali hawezi hata kumbembeleza mtoto kwa wimbo, alikwenda kwa Mzee Nkwabi, ambaye zamani alikuwa ningi, kiongozi wa ngoma, na sasa anaagua.

"Shikamoo," alisema. Ilitoka pumzi tu.

"Marahaba, mayu, mama yangu. Nani kakula sauti yako?"

Akafuatana naye mpaka ukumbini. Herman alikuwa anakaza nyuzi za gita. Nkwabi hakumsalimu. Aligongagonga sakafu kwa fimbo, akainama chini ya jukwaa, akafukua pembe ya swala iliyozibwa kwa nta.

"Hii ni dawa ya mbina," alisema polepole. "Sisi tunaifukia uwanjani, ivute watazamaji. Ngoma ikiisha tunaifukua, kile kisichoonekana kilichokuja kuwavuta kinakwenda na upepo. Uwanja hauna mlango. Huyu kaifukia ndani ya nyumba, akatia kofuli. Kitapitia wapi?"

Akaitoboa nta. "Na ningi huweka nywele zake mwenyewe. Anayetaka sifa anajitoa yeye. Tuone huyu kajitoa nini."

Akavuta kitambaa cheupe. Pembeni kilikuwa na msalaba wa uzi wa bluu, mkono wa Melania mwenyewe. Kitambaa chake cha kwaya, kilichopotea kabla ya msimu. Melania akakumbuka Herman alivyomsaidia kukitafuta, alivyoingia uvunguni akatoka na vumbi kichwani, akasema labda panya. Lile vumbi Melania ndiye aliyempangusa.

"Sasa kitauliza nani aliyekiita," Nkwabi alisema, akisukuma milango yote wazi. "Aliyekiita akikubali, kitatoka naye hadi uwanjani, kitaondoka. Akikana, kitabaki naye, yeye ndiye atakuwa nyumba yake. Umesikia, Herman?"

Herman alisikia. 

Ukuta wa nyuma ukapumua. Harufu ya pamba iliyolowa ikajaa. Kisha sauti ya Melania, nzuri kuliko aliyowahi kuwa nayo, ikauliza, "Nani aliniita?"

 Melania akamtazama mumewe. Kinywa cha Herman kilikuwa bado kimefungwa ukuta ulipojibu, kwa sauti ya Herman mwenyewe, "Ni Melania."

Ndipo Herman akafungua kinywa. "Ni Melania," akasema.

Nkwabi akamshika Melania mkono. "Tutoke, mayu. Usigeuke."

Herman alipotoka, ukumbi ukapigiwa misumari. Melania akarudi kwa mama yake Bugarama na mtoto wake. Sauti ikamrudia nyembamba, ya kuitia kuku. Kuimba hakuimba tena. Theopista ndiye aliyekua akiimba, asubuhi mpaka jioni, sauti ya mama yake ile ya zamani.

Siku moja Melania anamenya karanga uani, Theopista anaimba pembeni yake, Herman akaja, amekonda, akasimama kwenye ua wa minyaa. Melania hakumkaribisha ndani. Nyumba ina mlango.

"Nisamehe, Mama Theopista," ilisema sauti ya Herman barabarani, nyuma yake, pasipo na mtu.

Kisha Herman, machozi yakimtoka, akasema, "Nisamehe, Mama Theopista."

Moyo wa Melania ulitaka kulegea. Yalikuwa machozi ya kweli. Akaweka ungo chini, karibu amjibu. Upepo ukaleta harufu ya pamba mbichi, na kule barabarani sauti ya Herman ikatangulia tena, taratibu, kwa upole kabisa:

"Kumbe mtoto naye anaimba siku hizi?"

Herman akafuta machozi, akatabasamu, akaanza kufungua kinywa.

Melania alikuwa tayari amemfunika mtoto mdomo kwa kiganja.