Ethel Anaubebesha Mkorosho Wake

Kabla hata ya kuwasha moto wa chai, Ethel wa Chiwata alikwenda kuutazama mkorosho wake. Mti huo aliachiwa na marehemu baba yake. Hapakuwa na korosho kubwa kama zake kijijini. Sasa mchwa walikuwa wamelila shina.

"Tuukate kuni, Mama Queen," alisema mumewe, Eliakimu. "Mbegu zake ulipanda. Ukavuna nini? Korosho kama njugu mawe."

"Na njugu mawe huzili?"

Alijibu hivyo, lakini moyo ulimuuma. Mti ukifa, aina ile imepotea. Akamwita Winfrida, bibi shamba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona watoto wa mti huu hawafanani na mama yao?"

"Mbegu ina mama na baba. Nyuki huleta chavua ya mti mwingine, tabia zikachanganyika. Wewe bebesha. Kata kikonyo, ile ncha changa ya tawi, ukifunge juu ya mche mwingine."

Eliakimu akacheka. "Kichwa cha huyu, miguu ya yule! Si kitageuka?"

"Kitendawili, baba," alisema Winfrida.

"Tega."

"Nagawanyika kila siku, sipungui."

Eliakimu akakuna kichwa, akashindwa. "Haya, nakupa mji. Chukua Newala."

"Newala nimefika, nimekaribishwa vizuri. Jibu ni seli. Mti umejengwa kwa seli, vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Ndani mna kromosomu, zinazobeba maagizo ya mti: jani liweje, korosho iweje. Kabla seli haijagawanyika, kila kromosomu hutengenezewa pacha wake. Mapacha hujipanga katikati. Nyuzi nyembamba huwavuta, mmoja huku, mwenzake kule. Ndipo ukuta hujengwa. Seli zimekuwa mbili, na kila moja ina maagizo yote."

"Basi kikonyo hakisahau kwao," alisema Ethel.

"Hakisahau. Na penye mkato, seli za pande zote zitagawanyika mpaka kidonda kifunge."

Wakakata, wakaunganisha, wakafunga kwa nailoni. Mvua kubwa ilipokuja, mkorosho wa zamani ulianguka. Ethel alilia. Lakini kwenye miche, vikonyo vilikuwa vimechipua majani mekundu, laini.

Miche ikawa miti, ikazaa. Korosho zilikuwa zilezile, kubwa, za baba yake.

Wanawake wa Lupaso walipokuja kuomba vikonyo, Eliakimu aliwatangulia shambani.

"Huu ndio mkorosho wetu," alisema, kifua mbele. "Seli zake hazisahau."

Ethel akamwacha aseme. Yeye alishika kisu, akaanza kuwakatia.